Dagaa wakipungua ziwani, usiwamalize mchangani

Nauza dagaa hapa Kigoma, na wateja wangu wa Dar es Salaam hawaachi kunipigia simu: mbona bei inapanda tu? Nikiwaambia ziwa limepata joto, wanadhani nawapiga chenga.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na rutuba yake nyingi imelala chini. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha juu. Hapo vijimea vya majini vinaota, vijidudu vinavila, dagaa wanakula vijidudu, na migebuka wanakula dagaa. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo unashindwa kuyachanganya. Wanasayansi walilichapisha hilo tangu 2003. Joto lenyewe linaletwa na hewa ya ukaa ya makaa ya mawe, mafuta na misitu inayofyekwa. Nchi zenye viwanda zimechafua kuliko sisi, sawa, ila nyavu za macho madogo, zinazozoa hata samaki wachanga, ni zetu wenyewe. Ndiyo maana uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, niliunga mkono, ingawa mfuko ulilia.

Joto la ziwa mimi na wewe hatuliwezi. Dagaa aliyeshafika ufukweni tunamuweza, na huko ndiko tunakopoteza pesa.

Acha kuanika mchangani. Jenga kichanja cha kimo cha kiuno, nguzo za mkaratusi wa kupandwa, juu utandike wavu uliokazwa vizuri. Hewa inapita chini na juu, kuku hawafiki, na mteja hatafuni mchanga. Tandaza dagaa safu moja, usiwarundike kwa tamaa ya nafasi. Kwenye ncha moja funga turubai, ulikunje tayari. Mvua siku hizi haina adabu, inaweza kukushukia saa nane mchana na jua bado linawaka; ukianza kukimbilia turubai nyumbani, dagaa wameshalowa, kesho wananuka. Kabla ya kufunga gunia, mkunje mmoja: akivunjika kwa mlio, amekauka. Akijipinda, mrudishe juani.

Mtaji ukiwa mdogo, changeni watatu au wanne. Kichanja hakina wivu.

Na usikijenge mdomoni mwa maji. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi linajaa na kukaa limejaa. Waulize waliobomolewa nyumba na maji Kibirizi na Ujiji, hapa Kigoma. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni; mimi napima kutoka pale maji yalipofika mwaka wa mafuriko, siyo yalipo leo.