Vitabu vya rejea kuhusu miiko, mikosi na ushirikina: kipi kinafaa?

Mkuu, umeuliza kama kuna kitabu kimoja chenye miiko na mikosi yote pamoja na maana zake. Wadau hapo juu wamekutajia vile vijitabu vya barabarani vinavyouzwa pamoja na tafsiri za ndoto. Mimi mambo haya nayakusanya siku nyingi, na kigezo changu ni kimoja: kitabu kiseme nani aliamini hivyo, wapi na lini. Kikikuambia tu "wahenga waliamini bundi akilia kuna msiba" kisha kikanyamaza, pesa yako nunulia vocha.

Waingereza hapo wametupita mbali. Kamusi ya ushirikina ya Iona Opie na Moira Tatem (Oxford, 1989) inapanga nukuu chini ya kila imani kwa kufuata miaka, kwa hiyo unaona yenyewe inavyozaliwa na kugeuka. Steve Roud, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu imani hizohizo, ni mkali zaidi. Ijumaa ya tarehe 13, ambayo watu huapa kuwa ni ya kale mno, yeye haioni kabla ya karne ya 19. Ile ya kugusa mbao kuepusha balaa, wanayodai ni mabaki ya kuabudu miti, anaihusisha na mchezo wa watoto wa kukimbizana: ukishika mti, hukamatwi! Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua cha Roud. Wajerumani wana kamusi yao ya ushirikina, juzuu 10 zilizotoka kati ya 1927 na 1942, ila hizo waachie wenye Kijerumani na rafu kubwa.

Kwetu, anza na Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa na Carl Velten mwaka 1903. Msimulizi mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Hakijapangwa kwa alfabeti, hivyo usitegemee kufungua B ukamkuta bundi. Lakini habari za pepo, uganga na uchawi zinasimuliwa na mtu aliyekulia humo, kwa Kiswahili chake. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ni ya 1981 na ina maelezo ya kusaidia. Kamusi za Kiswahili za Krapf (1882) na Sacleux (1939–1941) nazo zina mengi ya mila ndani ya maneno, ila wote wawili walikuwa wamisionari, wasome ukilijua hilo.

Sasa shida ya "maana" unazozitaka. Kwa wakwe zangu Tanga, sindano haiuzwi usiku. Mama mkwe anasema unauza riziki yako. Mwenye duka jirani anasema ikidondoka gizani itamchoma mtoto. Shangazi yao anasema wachawi ndio wanaoitafuta saa hizo. Ipi ndiyo maana? Mimi nimeandika zote tatu, na umri wa kila msemaji na mahali alipokulia. Mwandishi wa kijitabu angechagua moja akaiita asili.

Vya zamani ulizia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana, yaani ya vitabu kuhusu Afrika Mashariki. Krapf yuko bure mtandaoni. Na wewe mkuu, kwenu sindano usiku wanasemaje? Taja na wilaya.