Kabla Hujaagiza Unga kwa Posta: Jinsi Nilivyojifunza Kula Osaka

Wiki ya tatu tangu nihamie Osaka, nilisimama mbele ya rafu ya supamaketi nikiwa nimeshika pakiti ya dagaa. Dagaa hasa: wakavu, rangi ya fedha, macho yamewatoka, harufu yao inapenya plastiki. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeishi kwa mkate, mayai na tambi za kikombe, nikiamini kuwa chakula ninachokijua kimebaki ng'ambo ya bahari. Kumbe pakiti ile ilikuwa pale pale muda wote, hatua chache kutoka kwenye mayai. Upande huu wa magharibi mwa Japani dagaa huitwa iriko. Ukienda Tokyo utasikia niboshi. Wenyeji huwachemsha zaidi kwa ajili ya supu. Mimi niliwatoa vichwa, nikawapitisha kwenye maji ya moto, nikawaunga kwa nyanya na kitunguu, na usiku ule nikalala nimeshiba kweli.

Ndiyo maana kila anayeniandikia kwamba anahamia huku humwambia jambo moja: kabla hujatafuta duka la vyakula vya Kiafrika, kabla hujalipia kifurushi cha unga kwa posta, ipe supamaketi ya mtaani kwako wiki moja. Izunguke rafu kwa rafu, bila haraka, ukiwa umeshakula. Vyakula vingi unavyovililia vipo. Vimebadilisha jina tu.

Magimbi yapo. Yanaitwa satoimo, ni madogo kama yai na yamevaa manyoya ya kahawia, na kuanzia mwezi wa kumi yanajaa kila mahali. Usiyamenye mabichi kwa mikono mitupu maana yanawasha vilevile kama ya kwetu. Yachemshe na ganda lake, kisha libonyeze ganda kwa vidole, litavuka lenyewe kama soksi. Bamia zinaitwa okura, nazo huja kwa wingi wakati wa joto, zimefungwa kwenye wavu mdogo wa plastiki. Boga ni kabocha, tamu na kavu, na ganda lake huliwa, kwa hiyo usipoteze nguvu kulimenya. Ndugu wa vibua anaitwa saba. Ndiyo, saba, kama namba. Atakuwepo mbichi, atakuwepo wa chumvi, atakuwepo wa kopo, na ni katika samaki wa bei nafuu utakaowapata.

Na figili. Figili ya huku, daikon, ni nyeupe na nene kama mkono wa mtu mzima. Ukibahatika kuikuta na majani yake, usiyatupe. Yakatekate, yakaange na kitunguu na dagaa wale wale, utapata mboga ya majani iliyo na uchungu kidogo, ya kula siku mbili. Wajapani wana neno la kusikitikia kitu kizuri kinachopotezwa bure: mottainai. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alilisikia alipotembelea Japani mwaka 2005, akalipenda, akaenda nalo hadi Umoja wa Mataifa kuhimiza watu watunze mazingira. Nilikuwa nimelisoma neno hilo zamani sana. Nililielewa siku nilipomwona mzee mmoja pale dukani akiyachambua majani ya figili jani kwa jani, kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele.

Shida kubwa ya mwanzo itakuwa kusoma. Sitakudanganya kwamba utaweza maandishi ya Kijapani kwa mwezi mmoja, lakini ya chakula ni machache na yanajirudia. Chumvi na sukari huuzwa katika mifuko inayofanana kabisa, na zote ni nyeupe. Chumvi huandikwa kwa herufi moja, sukari kwa herufi mbili. Shika hilo tu na chai yako itasalimika. Unga ndio uliniumiza zaidi. Nilinunua mfuko mweupe, mlaini, nikatia maji nikande chapati. Nikiubana mkononi unakuwa mgumu kama chaki. Nikiuachia unatiririka kupita katikati ya vidole. Ulikuwa katakuriko, wanga wa viazi mviringo. Ni mzuri sana kwa kupakia kuku kabla ya kumkaanga, na hadi leo sikosi nao, lakini kwa chapati hauna kazi. Unga wa ngano wenyewe uko wa aina mbili kuu: hakurikiko, ulio mlaini, wa keki na vitafunwa, na kyorikiko, wenye nguvu, wa mkate. Chapati zangu hutoka vizuri nikichanganya nusu kwa nusu. Piga picha ya majina haya kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote mwenye mzio, hapa kuwa makini zaidi. Sheria inalazimisha vyakula vya pakiti vitaje vitu fulani vinavyosababisha mzio, vikiwemo mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya buckwheat), karanga, kamba, kaa, na jozi (kokwa ya walnut) iliyoongezwa mwaka 2023. Nguruwe hayumo katika orodha hiyo ya lazima, kwa hiyo usitulie kwa kuwa hukumwona kwenye kile kijisanduku cha mzio. Soma orodha nzima ya viungo. Neno la nguruwe ni buta, herufi moja, na mafuta yake huandikwa rado. Mirin halisi, ile ya kutia utamu kwenye mchuzi, ina kilevi cha asilimia kama 14, na hata baadhi ya sosi za soya huongezewa kilevi kidogo. Nikitaka nyama halali na viungo vya pilau hupanda treni hadi Kobe, karibu nusu saa tu. Kule kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani, ulionusurika mabomu ya vita na tetemeko la mwaka 1995, na jirani yake kuna maduka ya vyakula halali. Huenda mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote jiko langu linategemea mtaa.

Tarehe kwenye pakiti nazo ni mbili tofauti, na wageni wengi hutupa chakula kizima kwa kutolijua hili. Shohi kigen ina maana kwamba baada ya siku hiyo usile. Shomi kigen ina maana kwamba hadi siku hiyo ladha iko kileleni. Ikipita, bado chakula hakijaharibika, kiangalie na ukinuse. Katika maandishi, herufi mbili za mwisho ni zile zile, za mwanzo ndizo zinazotofautiana.

Sasa saa ya kwenda dukani. Karibu na jioni kuingia usiku, mfanyakazi hutoka na bunda la stika na kuanza kubandika punguzo: kwanza asilimia 20, baadaye 30, na mwisho hangaku, yaani nusu bei. Samaki, nyama, vyakula vilivyopikwa, mikate, vyote hupita humo. Kila duka lina saa yake na utaijua kwa kwenda. Kuna adabu yake pia, na hakuna atakayekufundisha kwa maneno. Usimfuate mfanyakazi nyuma, usimpelekee kitu ulichokwisha kuweka kikapuni akubandikie. Mtazame mama wa Osaka anavyofanya. Amesimama mbele ya tofu, vile vipande laini vya maziwa ya soya yaliyoganda, kikapu mkononi, anasoma pakiti ambayo bila shaka ameinunua mara mia. Mfanyakazi anabandika kwenye samaki. Mama hageuki. Mfanyakazi anasogea kwenye rafu inayofuata. Hapo ndipo mama anaiweka tofu chini taratibu, anapiga hatua mbili, anachukua vipande viwili vya saba, anaondoka. Hajakimbia wala hajamsukuma mtu.

Wali unahitaji kichwa kipya. Mchele wa huku ni mfupi na hushikana, na ukiupika kwa mafuta na chumvi kama wa nazi utajilaumu. Uoshe hadi maji yapungue weupe, uloweke nusu saa, upike bila kitu chochote. Kipimo ni kikombe kidogo cha mililita 180, kinachoitwa go, na jiko la umeme la wali lina mistari ndani inayokuonyesha maji yaishie wapi. Bei iangalie: mwaka 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yen 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, hadi serikali ikafungua maghala ya akiba. Siku hizo ndizo zilizonirudisha kwenye magimbi na viazi vitamu kwa moyo mmoja.

Mengine ni madogo. Chakula cha kuondoka nacho hutozwa kodi ya asilimia 8, cha kukalia pale pale asilimia 10, ndiyo maana muuzaji anakuuliza. Mfuko wa plastiki unalipiwa tangu Julai 2020, beba wako. Mafuta yaliyokwisha kukaangia usiyamwage kwenye sinki. Kuna unga wa kuyagandisha, unayatupa yakiwa kipande kigumu pamoja na taka za kuchomwa. Na ile droo nyembamba chini ya jiko la gesi ambayo wapangaji wengi hawaifungui ni ya kuchomea samaki. Ifungue. Huchoma bilinganya na mahindi vizuri kuliko kikaango chochote.

Lakini kilichobadilisha upishi wangu hakikutoka supamaketi. Kilitoka kwenye duka la tofu, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji iliyolowa maji, mvuke umejaa tangu alfajiri, linaloendeshwa na mama mmoja mwenye buti za mpira. Mimi ananiita neechan, dada. Mimi namwita okaasan, mama. Hakuna aliyenielekeza nimwite hivyo, ulimi wangu ulikwenda wenyewe.

"Leo unapika nini, dada?" aliniuliza siku moja.

"Maharage, mama."

"Aah, o-mame-san!"

Ilinichukua muda kupata maana. San ndilo neno la heshima la kuwekwa baada ya jina la mtu, kama bwana au bibi. Watu wa pande hizi za Osaka na Kyoto hulitumia hata kwa chakula: maharage ni o-mame-san, viazi ni o-imo-san, uji ni o-kai-san. Ni kama vile sisi tuyahamishe maharage kwenye ngeli ya watu, tuseme maharage amekuja, maharage ameiva. Nimelipenda jambo hili kuliko ninavyoweza kueleza.

Akaniuliza nayapika na nini. Nikamwambia kitunguu, nyanya, nazi nikiipata. Akaenda nyuma, akarudi na kipande cha mwani mpana, mweusi, mgumu kama ngozi ya kiatu, umepakwa vumbi jeupe. Kombu. Akanionyesha kwa mikono: usiuoshe, lile jeupe ndilo utamu, ulaze kwenye maji ndani ya friji usiku mzima, asubuhi utoe mwani, maji yale ndiyo upikie.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alichemsha mwani wa aina hiyo akitafuta ile ladha isiyo chumvi, sukari, uchachu wala uchungu, akaipata kwenye glutameti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwani huo, akaiita umami. Nikasoma pia kwa nini watu wa Osaka wanaupenda hivyo: zamani meli za biashara ziliuleta kutoka Hokkaido, kaskazini kabisa, na mwisho wa safari yake ukawa hapa. Hata leo udon (tambi nene za ngano) ya kikombe ya chapa ya Donbei inayouzwa magharibi ina supu tofauti na ya mashariki. Pakiti zimeandikwa W na E. Ila mimi nilikuwa nimeshasadiki kabla ya kusoma, pale nilipoonja maharage yangu jioni ile. Chumvi nilitia nusu ya kawaida, na mchuzi ulikuwa mzito mdomoni kana kwamba umepikwa na mifupa.

Kwa hiyo ukihamia Osaka, tafuta duka la tofu lililobaki mtaani kwako, yanapungua. Nenda asubuhi. Nunua okara, makapi ya soya yanayobaki baada ya kukamua maziwa yake, ambayo huuzwa kwa bei ndogo sana na mara nyingine hutolewa bure. Yakaange na karoti na kitunguu. Na usinunue tu ukaondoka, sema unachopika. Kijapani changu wakati ule kilikuwa cha maneno ya jikoni tu, nacho kilitosha.

Kesho yake nilimpelekea mama yule maharage kwenye bakuli lenye mfuniko. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akasema ookini, asante ya Osaka. Siku tatu zikapita. Nilipopita tena aliniita kutoka ndani kabla sijafika mlangoni, akanirudishia bakuli langu. Lilikuwa zito. Nilifungua mfuniko nikiwa bado barabarani: okara, imepikwa na karoti na vipande vyembamba vya kombu, bado ina joto, na juu yake pipi mbili zimefungwa kwenye karatasi.