Jibu: Nina mimba na natumia Glivec, niache?

Hongera mdogo wangu, na pole kwa hofu. Umeuliza kama uache vidonge vya Glivec, dawa ya saratani ya damu, sasa kwa kuwa kipimo kimeonyesha mimba. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mpigie daktari wako wa damu leo hii. Wiki hizi za mwanzo ndipo viungo vya mtoto vinaumbika, na dawa hiyo inaweza kuvidhuru. Mara nyingi husimamishwa, damu ikawa inapimwa kila mara, na seli nyeupe za damu zikipanda mama huchomwa sindano za interferoni (dawa nyingine ya kudhibiti saratani hiyo), ambazo hazimfikii mtoto kwa urahisi.

Ukianza kliniki ya wajawazito hapo hospitali ya Bombo, Tanga, mwombe nesi aandike juu kabisa ya kadi: saratani ya damu, na dawa zote ulizotumia. Ukirudishiwa vidonge baada ya kujifungua, usinyonyeshe, maana hupita kwenye maziwa.