Joto la kukoma hedhi: yoga inasaidia wapi, na tule nini sisi wa Mwanza

Mdogo wangu wa Igoma, umeuliza kama yoga inaondoa joto la usiku, ule nini, na uwajibu nini wanaosema hiyo ni ibada ya watu wengine. Nina miaka 54, hedhi yangu ilishakoma, na haya yote nimeyapitia hapahapa Kirumba.

Nianze na joto: yoga haiondoi. Nakwambia mapema kwa sababu umeandika kwamba kliniki utaacha kwenda. Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Mwili ukipata joto kidogo tu, inaamrisha ujipoze. Ndiyo maana uso unawaka, jasho linamwagika, halafu unatetemeka kwa baridi. Tiba yenye nguvu zaidi kwa hilo ni ya homoni, ila haimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa. Zungumza na daktari wa wanawake, usiogope.

Yoga imenisaidia kwenye usingizi, viungo na hasira. Nikiamka usiku nimelowa, natandika mkeka, nalala chali makalio yakiwa karibu na ukuta, miguu naiegemeza juu, kanga nimeikunja chini ya kiuno. Navuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta. Mapigo ya moyo yanatulia, na mara nyingi usingizi unarudi.

Asubuhi, kabla nyumba haijaamka, nalala chali magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, napandisha nyonga juu na kushusha. Kisha nasimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na ukuta. Hili wengi wanalidharau, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu mifupa yetu inapungua nguvu wakati huu, na kuvunjika nyonga mara nyingi kunaanza na kuanguka. Kama umeshaambiwa mifupa yako ni dhaifu, usiiname kwa kupinda mgongo kufuata vidole vya miguu. Kuhusu ibada: mimi nanyoosha mwili na kupumua, basi, na Jumapili nipo kanisani.

Sasa chakula, na hapa sisi wa ziwani tumebarikiwa. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anashauriwa apate kalsiamu, madini ya kuimarisha mifupa, miligramu 1,200 kwa siku, na dagaa wetu tunawala na mifupa yao. Kalsiamu imo humohumo. Minofu ya sangara ni mizuri kwa protini, lakini mfupa umebaki kiwandani. Pale soko la Mwaloni chagua dagaa waliokaushwa kwenye chanja, wanang'aa na hawana mchanga. Waliokaushwa chini utawaosha maji matatu na bado utasikia mchanga kwenye meno. Mimi nawakaanga kidogo, naweka kitunguu na nyanya nyingi, namalizia na karanga zilizosagwa. Chumvi kidogo tu, maana presha nayo inapenda kupanda umri huu.

Uji wa ulezi una kalsiamu nyingi pia; loweka ulezi au uuoteshe kwanza ndipo uanike na kusaga, mwili utaifaidi zaidi. Mtindi, sawa. Mchicha kula, ila kalsiamu yake haifyonzwi vizuri; kwa kazi hiyo sukuma wiki na chainizi ni bora. Ugali upunguze, usiuache, na samaki na mboga vijaze nafasi. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huamsha joto kwa wengi wetu. Angalia kipi kinakuamsha wewe, usiache vyote kwa mkumbo.

Vidonge vya kuongeza damu ulivyosema unameza kila siku, muulize daktari. Hedhi ikishakoma, mahitaji ya madini ya chuma yanashuka, kutoka miligramu 18 hadi 8 kwa siku. Unga wa "kurudisha ujana" unaouzwa stendi usiununue, hujui kilichomo.

Na ukishapitisha miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usikubali mtu akwambie ni hedhi imerudi. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, na ikiwahiwa inatibika.