Utafiti mpya wa uchovu sugu au UVIKO wa muda mrefu: uliza nani alipimwa, na lini

Sisi tunaoishi na ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaoandikwa ME/CFS kwenye ripoti za kitaalamu, au na UVIKO wa muda mrefu, hutumiwa linki kila mara na ndugu wenye nia njema: tiba imepatikana, chanzo kimejulikana. Kabla ya kufurahi au kukata tamaa, na hasa kabla ya kutoa pesa, itafute ripoti yenyewe usome sehemu inayoeleza washiriki walichaguliwaje. Mengi huharibikia hapo.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni kama waliochaguliwa ni watu wanaozidiwa baada ya shughuli. Mtu anafua nguo chache au anakaa kikaoni saa mbili, jioni anajiona yuko salama. Kesho yake au keshokutwa, mara nyingi saa 12 hadi 48 baadaye, mwili unagoma: maungo yanauma, koo linawasha, kusoma ujumbe mfupi kunamshinda. Hali hiyo hudumu siku kadhaa, pengine wiki. Uchovu peke yake hautoshi kuutambua ugonjwa huu, kwa sababu upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni, kifua kikuu na sonona navyo huchosha. Ndiyo maana vigezo vya Taasisi ya Tiba ya Marekani vya mwaka 2015 vinadai mambo kadhaa kwa pamoja: uwezo wa kufanya shughuli za kawaida uwe umeshuka sana kwa miezi 6 au zaidi, mgonjwa azidiwe baada ya shughuli, usingizi usimburudishe, na tena ama fikra zizorote ama dalili zizidi anaposimama. Vigezo vya Oxford vya mwaka 1991 havikudai kuzidiwa. Utafiti uliotumia vigezo hivyo umechanganya watu wa magonjwa mbalimbali, na matokeo yake hayawezi kukuambia wewe ufanye nini.

Mfano tunaoujua kuliko yote ni jaribio la PACE la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011 likiwa na washiriki 641. Lilitumia vigezo vya Oxford, na watafiti wakatangaza kwamba mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua na tiba ya kubadili fikra husaidia. Madaktari wa nchi nyingi wakafuata. Wagonjwa waliosoma majedwali waliona kilichofichika: ili uingie ilibidi alama zako za uwezo wa mwili ziwe 65 au chini yake katika kipimo cha 0 hadi 100, lakini baadaye alama 60 zilihesabiwa kuwa moja ya vigezo vya kupona. Maana yake, mtu angeweza kushuka kutoka 65 hadi 60 na kigezo hicho kikamhesabu amepona. Kifaa cha kuvaa kinachorekodi mwendo kilitumika mwanzoni tu. Mwishoni majibu makuu yalitokana na madodoso. Kipimo cha kutembea dakika 6 kilionyesha wastani wa mita 379 kwa kundi la mazoezi na mita 348 kwa kundi la huduma ya kawaida, tofauti ya mita 31. Mwaka 2016 baraza la rufaa la Uingereza liliamuru data zitolewe baada ya mgonjwa mmoja kuziomba, na Oktoba 2021 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, uliwaambia madaktari wasiwape wagonjwa wa ME/CFS mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika. Hata hivyo ushauri wa zamani bado unazunguka, kwa hiyo ukikutana nao ujue ulikotoka.

Kwa UVIKO wa muda mrefu, mlango wenye hitilafu ni cheti cha kipimo. Tafiti nyingi zilidai majibu ya PCR, kipimo kinachoonyesha virusi mwilini. Wengi walioumwa miezi ya mwanzo ya 2020 hawakupimwa, na Tanzania takwimu ziliacha kutangazwa mwaka huo. Anayedai cheti anawaondoa watu hao wote, na akipima kingamwili bado atawakosa ambao kingamwili zao zimeshuka. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya Oktoba 2021, linakubali maambukizi yanayodhaniwa pia: dalili ziwepo miezi 3 tangu kuanza kuumwa, zidumu angalau miezi 2, na zisiwe na maelezo mengine. Wagonjwa wenyewe ndio waliotangulia kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kundi la watafiti wagonjwa lilikusanya majibu ya watu 3,762 kutoka nchi 56, likaorodhesha dalili 203, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2021.

Kisha angalia vipimo vilifanyika lini. Anayempima mgonjwa wetu asubuhi akiwa ametulia, akamruhusu aende nyumbani, ameukosa ugonjwa. Watafiti wa Amsterdam walilielewa hili: waliwaendesha baiskeli wagonjwa 25 wa UVIKO wa muda mrefu na watu wazima wa afya 21, wakachukua vipande vidogo vya misuli kabla na siku baada ya zoezi. Matokeo, yaliyotoka 2024, yalionyesha misuli ya wagonjwa ikiharibika zaidi baada ya kuzidiwa. Dodoso linalouliza “wiki hii umechoka kiasi gani?” bila kuuliza “wiki hii umefanya nini?” nalo hudanganya, kwa kuwa aliyelala siku saba huonekana amepata nafuu.

Usinunue dawa kwa sababu ya utafiti mdogo, hata ukiwa umefanywa vizuri. Nchini Norwei dawa ya rituximab ilitia matumaini mwaka 2011 kwa wagonjwa 30 wa ME/CFS. Ilipojaribiwa kwa 151, majibu ya mwaka 2019 yalionyesha waliopata nafuu ni asilimia 26 kwa dawa na asilimia 35 kwa maji yasiyo na dawa. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, kwa hiyo kundi la kulinganisha ni lazima.

Ukialikwa kushiriki utafiti, omba fomu ya ridhaa uisome nyumbani, kwa vipande. Uliza safari ni ngapi na kila moja itachukua muda gani, kama kuna mahali pa kujilaza, kama damu inaweza kuchukuliwa nyumbani, na nani atakufuatilia siku ya pili na ya tatu. Wakitaka uache dawa fulani, mshirikishe daktari wako kwanza. Tenga siku mbili tupu kabla na si chini ya tatu baada, na uende na mtu wa kukusindikiza. Tafiti nyingine hutumia kipimo cha kuendesha baiskeli siku mbili mfululizo. Kinatoa ushahidi mzuri, ila kinaweza kukulaza wiki nyingi, na mtu ambaye tayari hatoki kitandani asikikubali. Hakikisha pia kuna kibali cha maadili: Tanzania hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya na kamati iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukiambiwa ulipe ili uingie, kaa mbali.

Rekodi yako mwenyewe ina uzito kwa daktari na kwa mtafiti, mradi iwe fupi. Kila siku andika mapigo ya moyo kabla hujainuka kitandani, saa ulizokuwa umekaa au umesimama miguu ikiwa chini, na alama ya X siku uliyozidiwa. Daftari la kurasa nyingi halimalizwi. Kama kusimama kunakumaliza, fanyeni kipimo hiki mkiwa wawili: lala dakika 10, pima mapigo na shinikizo la damu, kisha simama ukiegemeza mgongo ukutani, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, na kupima kila dakika kwa dakika 10. Usiongee wala kuchezesha miguu. Ukihisi kuzimia, lala mara moja. Msaidizi asikulazimishe kumaliza. Mtu mzima ambaye mapigo yake yanapanda 30 au zaidi kwa dakika na kubaki juu, huku shinikizo lisishuke sana, apeleke karatasi hiyo hospitali. Hapo kuna matibabu yanayojulikana, kuanzia maji na chumvi kwa ushauri wa daktari, hivyo usisubiri utafiti wa kesho.

Kabla hujatia sahihi, uliza kwa maandishi sampuli zako zitatunzwa wapi, nani mwingine atazitumia, na lini utapewa matokeo kwa lugha unayoielewa. Wasipoweza kujibu hili la mwisho, waombe waliandike kwenye fomu kwanza.