Jumamosi na Jumapili kwa mwanafunzi wa sanaa aliyeko Tabora

Mdogo wangu, umesema unasomea sanaa Tabora, una Jumamosi na Jumapili tu, na unatamani kuona kazi za kisasa Dar. Kwa siku mbili usiende, muda wote utaishia njiani. Nenda Kwihara, hapo karibu na Tabora, kwenye tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872. Kaa mbele ya mlango wa mbao uliochongwa, chora nakshi moja tu, taratibu, mpaka uone patasi ilipozama na ilipoinuka. Picha ya simu haikufundishi hilo.

Dar iache mpaka likizo: kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, utawakuta wasanii studioni, waulize hata rangi wanachanganyaje. Pitia na kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga pale Oysterbay. Wengi huidharau sanaa hiyo, mimi naiheshimu sana.