Betri ya Nyuma Inaisha Moto Kila Usiku: Fundi Umeme Anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa watalii hapa Arusha, naendesha Land Cruiser iliyorefushwa na tunalala kwenye mahema, kampsite za ndani ya hifadhi. Gari ina betri mbili, ya mbele ya kuwashia na ya nyuma ya friji na kuchajia kamera za wageni kwa inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Hii ya nyuma inanitesa. Tukifika Seronera, ndani ya Serengeti, jioni iko poa, saa nane usiku friji inazima, asubuhi nyama imeanza kutoa maji na wageni wanakunywa soda ya moto. Ndani ya mwaka na nusu nimeshanunua betri tatu, zote N70 mpya za dukani. Oltaneta nimebadilisha maana fundi alisema ndio tatizo, rilei (swichi inayounganisha betri mbili injini ikiwaka) nayo nimebadilisha, na waya kutoka mbele kwenda nyuma ni mpya, ule wa 2.5. Nikipima mbele gari ikiwa silensa napata 14.2. Bosi kasema nikinunua ya nne nayo ikafa nalipa mwenyewe. Nifanyeje?
*Dereva, Njiro*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza usinunue kitu kingine chochote mpaka umalize kusoma hapa, maana umeshabadilisha oltaneta, rilei na betri tatu na bado hakuna mtu aliyeshika mita akapima pale nyuma, kwenye vichwa vya hiyo betri inayokufa. Umepima mbele. Mbele hakuna mgonjwa.

Fanya hivi leo jioni gari ikiwa imerudi na betri ya nyuma ikiwa imepungua. Washa injini, washa friji, ongeza mzunguko wa injini kidogo, pima mbele andika, halafu nenda nyuma pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, andika. Mbele utapata 14.2 yako. Nyuma mi nategemea ukute 13 na kitu, au hata 12.9. Ukikuta hivyo basi ujue betri zako tatu hazikufa kwa ubovu, zimekufa kwa njaa. Betri ya asidi inataka volti 14 na ushee ili ijae, ukiipa 13.1 inapokea kidogokidogo na ukizima gari inaonekana nzima, kumbe imefika nusu tu. Ikikaa hivyo nusunusu wiki baada ya wiki bila kujaa, sahani za ndani zinafanya ganda la salfeti, na likishakuwa gumu halitoki tena, N70 inabaki jina tu.

Sasa volti zinapotelea wapi. Huo waya wa 2.5, yaani unene wa shaba kwa milimita za mraba, ndio waya wa soketi za nyumbani, wa nyumba yenye 230. Kwenye gari la volti 12 mambo mengine kabisa. Kutoka mbele mpaka nyuma ya Cruiser ndefu, kwa jinsi waya unavyozunguka, weka mita 6 hivi, ukipitisha ampi 15 tu unapoteza volti 0.6, na betri iliyoshuka inapoomba ampi 30 unapoteza zaidi ya volti 1. Hapo sijahesabu fyuzi iliyolegea, rilei, wala ethi, ile njia ya hasi inayorudia kwenye bodi. Weka waya wa 16 kwa urefu huohuo na kwa ampi 15 hasara inashuka hadi volti 0.1. Bei yake najua inauma lakini ni chini ya hizo betri tatu ulizonunua. Na uweke fyuzi pande zote mbili, karibu kabisa na kila betri, maana ule waya ukichubuka kwenye chesisi bila fyuzi gari inaungua hapohapo na wageni wamo ndani.

Ethi nayo usiisahau. Kuna gari moja niliwahi kulitengeneza Karatu, malalamiko yaleyale kama yako, mwenye gari alishavuta waya mnene wa chanya, kazi safi kabisa, lakini upande wa hasi walifunga boliti kwenye bodi juu ya rangi. Nikaligusa lile boliti injini ikiwa inanguruma, lilikuwa la moto kama kikombe cha chai. Nikafungua, nikasugua na msasa mpaka bati likang'aa kama shilingi mpya, nikarudisha, nikapaka grisi juu. Mita ya nyuma ikapanda kutoka 12.9 mpaka 13.8 pale pale, hatujabadilisha kitu chochote. Kwa hiyo we ukiwa na nafasi vuta na waya wa hasi mnene mpaka nyuma, usitegemee bodi, hasa kwa barabara zetu, maana ile ya Naabi kuja Seronera imekaa kama bati la nyumba na kila kilichofungwa kwa nati kinalegea.

Tuje kwenye hesabu ya usiku wako. Friji ya kompresa ya lita 40 ikiwa inavuta inakula ampi 4 hivi, ila haivuti muda wote, inawaka na kuzima, kwa hiyo wastani weka ampi 1.5 hadi 2, na kwenye joto kama la Natron inazidi hapo. Toka saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi hiyo ni Ah (ampi mara saa) 18 mpaka 24. Inveta je, unaizima? Nadhani unaiacha na ile taa ya kijani inawaka usiku kucha, na inveta bila kuchaji chochote inakula yenyewe nusu ampi mpaka ampi 1, kwa hiyo hapo tena Ah 6 hadi 12. Ongeza kamera na laptopu mbili za wageni. Unakaribia Ah 40 kwa usiku mmoja. N70 ikiwa mpya na imejaa kabisa ina kama Ah 70, na betri ya asidi ukitaka ikae usishushe chini ya nusu, yaani una Ah 35 za kutumia. Yako inaanza usiku ikiwa nusu. Ndio maana saa nane inakata, hesabu inatoka sawasawa kabisa.

Halafu mchana unaongeza kidogo kuliko unavyodhani. Siku ya kutoka Arusha mpaka Seronera ni zaidi ya kilomita 300, hapo inapata chakula. Lakini siku ya game drive unatembea dakika kumi, unakuta simba, unazima injini nusu saa, unasogea tena kwa chui. Na betri ya asidi ile robo ya mwisho inajaa polepole sana, masaa, hata ungeipa oltaneta ya lori. Kama unakaa kambi moja siku tatu nne weka paneli ya sola ya wati 150 au 200 juu ya kerea, ndiyo itakayomalizia kujaza wakati we umesimama na wageni wanapiga picha.

Kingine, N70 ni betri ya kuwashia gari. Imetengenezwa itoe moto mwingi kwa sekunde chache halafu ijazwe palepale, sahani zake nyembamba. Kazi ya friji inataka betri ya sola au ile ya dipu saiko, inayovumilia kushushwa sana na kujazwa tena, Ah 100, sahani nene. Ila narudia, ukiifunga hiyo kwenye waya wako wa 2.5 itakufa vilevile, itachukua muda kidogo tu.

Na kabla hujalaumu betri usiku ule, amka pale friji inapozima, pima vichwa vya betri. Ukikuta 12.3 na friji imezima basi betri haijaisha, friji imejikata yenyewe. Friji nyingi hizi zina ulinzi wa betri wa hatua tatu, ikiwekwa juu inajikata mapema sana, na kama umeichomeka kwenye tundu la sigara lililolegea na waya mwembamba, friji inaona volti 11 wakati betri ina 12.3. Fungua ule plagi uangalie ncha yake, ikiwa imeungua nyeusi au plastiki imelainika jibu umelipata. Ifungie friji waya wake yenyewe wa 6 kutoka kwenye betri na fyuzi ya ampi 15, uachane na tundu la sigara. Ukikuta 11.8 au chini yake hapo ndio betri imeisha kweli.

Hiyo ya tatu uliyonayo usiitupe bado. Ipeleke ikachajiwe kwa chaja ya umeme usiku mzima, iache masaa 12 bila kufungwa kitu, pima. Ikisoma 12.6 au 12.7 ina uhai. Ikiwa 12.4 kushuka chini, au kuna seli moja inachemka peke yake wakati wa kuchaji, imekwenda. Na bosi wako muonyeshe namba ulizoandika za mbele na za nyuma, karatasi moja tu. Dereva hawezi kulipia betri iliyouliwa na waya aliokuta kwenye gari.

SWALI: Habari fundi. Niko Nairobi, nilinunua Hiace nikaitengenezea kitanda ndani na kajiko, naenda nayo Naivasha na Nanyuki wikendi. Betri ya ndani ni ya gel Ah 100, sola ya wati 100 kwa paa. Safari ikiwa karibu sina shida, lakini nikiiacha kwa parking wiki mbili nakuta imekufa kabisa, 10.9. Hakuna kitu naacha ikiwa imewashwa, nimeangalia. Mara ya mwisho ilikuwa July. Sola si ingefaa kuijaza?
*Msomaji, Ruaka*

JIBU: Dada, unaposema parking, ni parking gani? Kama ni ya chini ya ghorofa au chini ya mti, ile paneli ni pambo tu. Hata kivuli cha kerea au tawi moja likilalia pembe ya paneli linaangusha nguvu kwa sehemu kubwa, si kwa kale kaeneo peke yake. Na July ya Nairobi unaijua mwenyewe, mawingu toka asubuhi. Paneli ya wati 100 siku ya jua zuri inakupa kama Ah 25 hadi 30, siku kama hizo unaweza kupata robo yake.

Lakini hata bila jua, betri nzima ya Ah 100 haiishi wiki mbili yenyewe, kuna kitu kinakula. Usiamini macho, tumia mita. Zima kila kitu, funika paneli kwa blanketi, toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita kwenye ampi 10 katikati ya ule waya na kichwa cha betri, usiwashe chochote wakati huo maana fyuzi ya mita itakatika. Ukisoma 0.05 hiyo ni kama traka au alamu, kwa siku ni Ah 1.2, wiki mbili Ah 17, haiui. Ukisoma 0.7 ni inveta, maana zile zenye swichi ya rimoti mara nyingi zinabaki macho hata ukiona zimezima, na hiyo ni Ah 17 kila siku, yaani siku sita imemaliza yote. Toa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ishuke. Ukishampata mwizi weka swichi kubwa ya kukata hapo kwenye betri, we ukishuka gari unaizungusha unaondoka, ila waya wa kontrola ya sola, kile kifaa kinachoongoza chaji ya paneli, uuache upande wa betri ili paneli iendelee kuchaji.

Na kwa sababu unalala humo ndani, nakuomba uangalie kama kisanduku cha betri kina tundu la kutoa hewa nje. Gel ikichajiwa vizuri haitoi gesi nyingi, lakini kontrola ikiwa imewekwa vibaya inazidisha volti na gesi ya haidrojeni inatoka, na we una jiko la moto mita moja pembeni. Kontrola iwekwe kwenye gel, isizidi 14.2 hivi.

SWALI: Fundi, niko Hamburg, Mtanzania mwenzako. Nina van ya dizeli ya 2018, rilei inabonyea na kuachia njia nzima, betri ya pili haijai hata nikiendesha masaa matano. Waya ni wa 25, ethi safi. Nimechoka.
*Msomaji, Ujerumani*

JIBU: Kaka, waya wako hauna kosa. Gari za dizeli za Ulaya za miaka hiyo nyingi zina oltaneta inayoendeshwa na kompyuta, betri ya mbele ikishaona imetosha inashusha volti mpaka 12.5 hivi ili kuokoa mafuta, ukiachia mafuta kwenye mteremko inapanda ghafla hata 15. Rilei yako inasubiri 13.3 kwenda juu ndio ishike, kwa hiyo inashika na kuachia, betri inalambishwa tu. Weka mita kwenye dashibodi uendeshe nusu saa, utaona namba zinacheza. Dawa ni kutoa rilei kabisa na kuweka chaja ya DC kwenda DC, ampi 30 inatosha, inachukua chochote kinachotoka mbele inakipandisha mpaka 14.4. Iwe ya kuamshwa na waya wa swichi ya kuwashia gari, isiwe ya kusoma volti peke yake, la sivyo itazima kila oltaneta ikishuka. Na kama betri yako ni lithiamu, hakikisha ina ulinzi wa baridi, maana huko kwenu chini ya nyuzi 0 haitakiwi kuchajiwa kabisa.